Jilo Hagongi

Samli ya Garsen haifichiki. Unaweza kuifunga kwenye chupa, chupa ukaitia kwenye mfuko, mfuko ukautia kabatini, na bado mtu akiingia jikoni atauliza nani anachoma kuni. Wafugaji wa kwetu huvukiza vyombo kwa moshi kabla ya kukamulia, na moshi ule hauondoki tena, unayafuata maziwa mpaka kwenye samli. Juzi mgeni wa kutoka huko aliniletea chupa moja hapa Mombasa. Jioni ile ile mwanangu akarudi kutoka mazoezini analalamika bega. Ameanza kujifunza mchezo huu wa siku hizi wa kupigana kwa kila mtindo, ngumi na mateke na mieleka vyote pamoja, na wiki hizi za mwanzo zinamkomesha. Nikamwambia keti hapa, nikachota samli kiganjani, nikaanza kumkanda. Harufu ilipopanda, mikono yangu ikasimama yenyewe.

"Mama, mbona umeacha?"

Nikamwambia nimechoka. Uongo mtupu. Nilikuwa nimesharudi ghalani.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kando ya Mto Tana mtayakumbuka maghala yale ya mpunga yaliyojengwa kwa matumaini makubwa kisha yakaachiwa popo. Letu lilikuwa mwisho wa kijiji, karibu na migomba, na kutoka hapo mpaka Garsen hapakuwa mbali kwa miguu ardhi ikiwa kavu. Ndani palinuka magunia. Bati moja la paa lilikuwa limeng'oka, na jua likiingia hapo linatembea sakafuni asubuhi nzima. Ndimo alimotufundisha Mwalimu Galgalo. Alikuwa Muorma, mtoto wa wafugaji wa upande wa pili wa mbuga, aliyekwenda Mombasa kulinda mageti ya matajiri, na huko akaokota ngumi kwa mabondia, mateke kwa watu wa karate, na kukabana kwa mtu mmoja aliyejua judo. Babake alipougua akarudi kuangalia ng'ombe, lakini mwili wake ulikuwa umeshazoea kazi nyingine. Akakusanya vijana, kisha akakubali na watoto. Jina la mchezo hatukuwa nalo. Tuliita mazoezi tu.

Wazee wa kijiji hawakupenda. Sisi ni Wapokomo, watu wa jembe, na baina ya jembe na ng'ombe kuna maneno ya siku nyingi. "Leo anawafunza watoto wenu," mzee mmoja alimwambia mama. "Kesho ng'ombe wake wakiingia kwenye mihogo, nani atathubutu kumfukuza?" Mama akamjibu kwamba ng'ombe wanaingia kwenye mihogo tangu zamani bila kungoja mwalimu. Mama yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, alikuwa mtu wa kukumaliza kwa upole.

Na alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa Jilo. Jilo ni kaka yangu, mkubwa kwangu kidogo tu, mwembamba wa kutisha, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Njiani kwenda shule kulikuwa na wavulana waliompenda kwa njia yao. Walimbana, wakamlaza uso kwenye tope, na hawakumwachia mpaka aseme "nimekoma." Siku moja alisema. Nilikuwapo, nilimsikia. Alirudi nyumbani, akanawa uso mara nyingi kuliko tope lilivyohitaji, kisha akaniambia kwamba neno lile halitatoka tena kinywani mwake, hata wamuue. Baba alikuwa Hola, kwenye mradi wa mashamba ya kumwagilia, na nyumbani alikuja kwa nadra. Basi mama akamshika Jilo mkono akampeleka ghalani, nami nikafuata kwa sababu sikuwahi kukubali kuachwa.

"Huyu msichana pia?" Mwalimu aliuliza.

"Huyu hana shida," mama akasema. "Huyu ndiye atakupa shida wewe."

Tulidhani siku ya kwanza tutafundishwa teke la kuruka, kama kwenye video tulizochungulia Garsen. Mwalimu akatufundisha kuanguka. Kiswahili chake kilikuwa cha kwake mwenyewe, lakini hakuna aliyekosa kuelewa. "Ndama ikizaliwa inafanya nini? Inaanguka. Halafu inasimama. Nyinyi pia, kwanza anguka." Basi tukaanguka. Tulianguka kwa mgongo, kwa ubavu, kwa bega, juu ya magunia yaliyojazwa makapi ya mpunga na kushonwa pamoja, mpaka makapi yakatuingia masikioni. Baadaye zikaja mbio za alfajiri kwenye mchanga wa kingo za mto, mchanga unaokumeza mguu. Ikaja kuruka kichura, na presapu, na kukaa kitako hewani mgongo ukiwa ukutani, mapaja yakiwaka moto, huku yeye anapita akitutazama na fimbo yake ya kuchungia begani. Hakutupiga nayo hata siku moja. "Hii mwili yenu bado ugali mbichi," alisema. "Mimi nasonga. Pole pole itaiva." Mwisho wa mazoezi alitoa chupa ya samli akatupaka kwenye magoti na viwiko, na tukarudi nyumbani tunanuka kama boma la ng'ombe.

Kisha akatufundisha sheria. Alimwita kijana mkubwa kuliko wote, akampitishia mkono shingoni kwa nyuma, akampiga kabali, na akabana taratibu ili sote tuone. Yule kijana macho yakamtoka. Alitaka kusema kitu, hakikutoka. Halafu akaunyanyua mkono wake akaugonga mkono wa Mwalimu, mara mbili, na Mwalimu akafungua papo hapo.

"Mmeona? Mdomo ikifungwa, mkono inasema. Gonga mara mbili. Na mtu akigonga, wewe unaachia. Hata kama ni adui ya baba yako, unaachia. Hakuna kuuliza."

Sijui kama naweza kuwaeleza furaha niliyoipata siku ile. Mtoto hubanwa na kila mtu. Mkubwa akikushika, umeshikwa. Na hapa mtu mzima, tena mwenye nguvu kuliko wote niliowajua, anatuambia kuna alama ndogo tu ya mkono, na yeyote anayekubana akiiona lazima akuachie. Mimi sikuelewa kwamba ni sheria ya ghalani. Nilielewa kwamba ndivyo dunia ilivyo, ila nimechelewa kuambiwa.

Nikaenda kuijaribu kwa mama. Mama alipokuwa akinisuka alinibana kichwa katikati ya magoti yake, na akiingiza kitana unaona nyota mchana. Nikamgonga pajani mara mbili.

"Unabisha hodi wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Akacheka, akaendelea kuvuta. Nikagonga tena. Safari hii alinyanyua mikono yote miwili juu, kitana kikabaki kimening'inia kwenye nywele zangu, akasema, "Haya, nimekuachia, bibi. Nenda madrasa na kichwa nusu." Tangu hapo ikawa mchezo wetu. Nikigonga, mikono ya mama inaruka juu, hata kama yumo katikati ya maneno na jirani. Aliuzoea mpaka hakuwa akifikiri tena. Mkono wake ukigongwa mara mbili, ulifunguka wenyewe.

Jilo peke yake ndiye hakugonga. Katika mazoezi mengine alikuwa wa mbele. Kwenye mchanga alitupita wote kwa zile kamba zake za miguu, na alijua kuanguka kuliko mimi. Lakini akipigwa kabali alinyamaza. Uso ulibadilika rangi, mishipa ikasimama, miguu ikapiga magunia, na mikono yake ikabaki imekunjwa ngumi. Kugonga na kusema "nimekoma" kwake vilikuwa kitu kimoja. Watoto walianza kumheshimu. "Jilo hagongi," walisema, hata wale wavulana wa njiani walilisikia, na wakaacha kumgusa. Mimi nilijivuna naye kama vile ni mimi.

Mwalimu hakujivuna. Siku Jilo alipozirai mikononi mwa mtoto mwenzake, Mwalimu alimlaza, akamnyanyua miguu, akamwita jina mpaka akafumbua macho. "Wewe nenda nyumbani," akamwambia. "Mtu hajui kugonga, mimi siwezi fundisha. Siku moja nitaambia mama yako nini? Ukitaka kurudi, unakuja hapa, unagonga mbele ya watu wote, mimi naona. Halafu unarudi."

Jilo alikaa nyumbani. Hakulia, lakini alikula kidogo, na alizoea kuangukaanguka peke yake nyuma ya nyumba. Jioni moja aliniita tukafanye mazoezi ya kugonga, asione mtu. Nikampiga kabali kama nilivyofundishwa. Nikangoja. Mkono wake ulinyanyuka, ukafika karibu na wangu, ukarudi chini. Nikamwachia mwenyewe nilipoona sikio limegeuka rangi.

"Ukigonga," akaniuliza, akihema, "unasikiaje?"

"Sisikii kitu. Kama kukohoa."

Akafikiri. "Jumamosi nitakwenda," akasema. "Nitagonga mara moja tu ya kuonwa, basi."

Mvua ilianza kabla ya Jumamosi. Mnaijua mvua ninayoisema, ile ambayo redio iliiita kwa jina la kigeni na sisi tukaiita hivyo hivyo mpaka leo. Mto wetu hufurika, na wakulima huyataka mafuriko kwa kiasi chake, ndiyo yanayotuletea udongo. Haya hayakuwa na kiasi. Maji yaliingia kwenye migomba, yakaingia ghalani, yakaingia nyumbani yakabeba sufuria. Tukahamia shuleni, penye mwinuko, kijiji kizima na mbuzi waliobaki. Wafugaji nao walipandia hapo hapo, na Mwalimu Galgalo alikuwa miongoni mwao na ng'ombe wachache. Ng'ombe wengine tuliwaona wakipita majini, miguu juu. Yule mzee wa mihogo alilala chumba kimoja na watu wa Mwalimu, na wakagawana moto. Barabara ya Hola ilikatika, ya Malindi ilikatika, na baba hakuweza kuja wala sisi kwenda.

Maji yalipotulia wakaja mbu. Jilo alishikwa na homa. Mwanzoni tulidhani ni ya kawaida, maana nani kwetu hajawahi kuugua malaria? Mama akampa vidonge vilivyobaki kwa mtu, akavitapika. Akatetemeka mpaka mkeka ukatetemeka naye. Kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na shingo yake ikawa ngumu. Mjomba Maro, ndugu yake mama, alisema Garsen kuna daktari, na mtumbwi wake upo. Mama hakuwa na wa kuniachia, au mimi sikukubali kuachwa, ndizo zangu. Mwalimu akasema naye atakuja, kwa kuwa mwisho wa maji kuna tope refu, na wa kumbeba Jilo ni yeye.

Nataka mumwone Mwalimu ndani ya mtumbwi ule. Mtu aliyeweza kuwaangusha vijana watatu bila kuhema alikaa katikati ameshika kingo kwa mikono miwili, hajui kuogelea, hajui kupiga kasia, hawezi hata kugeuka asije akatupindua. Wafugaji hawana habari na maji mengi. Mjomba Maro alisimama nyuma akisukuma kwa pondo, mti mrefu unaofika chini, na pale usipofika chini alikaa akapiga kasia. Maji yalikuwa yametanda kila upande, yamefunika njia tuliyokuwa tukiikimbia alfajiri. Tulipita juu ya shamba letu. Nilipajua mahali kwa vichwa vya migomba. Hakuna aliyekuwa na la kufanya ila Mjomba, na yeye hakuweza kwenda mbio kuliko mtumbwi.

Mama alikuwa amemkalisha Jilo mbele yake, mgongo kifuani kwake, na amemzungushia mikono kutoka nyuma asianguke. Ndivyo hasa tulivyofundishwa kumshika mtu.

Nikauona mkono wa Jilo unanyanyuka. Macho yalikuwa yamefumba. Mkono ulipanda polepole, ukagusa mkono wa mama, ukagonga. Ukagonga tena.

Mikono ya mama ikaruka juu.

Haikuchukua muda, ilifunguka kama ilivyozoea. Jilo akateleza ubavuni, mtumbwi ukayumba, na Mwalimu akaachia kingo akamdaka. Mama alibaki mikono juu, anatutazama, hajui amefanya nini.

Na mimi, Mungu anisamehe utoto wangu, nilifurahi. "Amegonga," nikasema. "Mwalimu, umeona? Jilo amegonga mbele ya watu."

"Nimeona," Mwalimu akasema.

"Basi Jumamosi atarudi?"

Yeye alikuwa akimrudisha Jilo kwa mama. "Nimemuumiza?" mama akauliza. "Nilikuwa nimembana?"

"Hapana, Mama Jilo. Shika yeye. Shika tu. Si wewe umekaba yeye."

"Basi aliyemkaba," mama akasema, kwa sauti yake ile ile ya upole, "mwambie aachie."

Mwalimu alimtazama mama, akanitazama mimi, na mimi nilikuwa namngoja kwa hamu kama mama, kwa sababu sheria aliileta yeye. Jilo akagonga tena, safari hii kwenye mbao za mtumbwi. Mwalimu akageuza uso akatazama maji.

Tuliposhuka alimbeba mabegani, tope likimfika magotini, hakusimama hata mara moja kupumzika. Barazani pa hospitali watu walikuwa wamelala kila mahali. Muuguzi alimshika Jilo kope, akamsikiliza kifua, akatwambia dawa ya sindano inangoja ndege, na ndege inangoja mawingu yafunguke. Alisema kweli, na sikumchukia. Tukapewa mkeka. Mama akamweka kichwa mapajani. Jilo aligonga kwenye mkeka, kidogo kidogo, vidole tu, kisha baada ya adhuhuri akaacha. Uso wake ulilegea. Hakutetemeka tena.

Nikamnong'oneza mama: "Ameachiwa."

Mama alinivuta. Alinibana kifuani kwake kwa nguvu ambazo sikujua anazo, pua yangu ikazibwa na nguo yake, mbavu zikaniuma, pumzi ikakatika. Mikono yangu ilikuwa huru. Sikugonga. Sijui nilijuaje kwamba siku ile nisigonge, lakini sikugonga.

Tulimzika hapo hapo Garsen, kwenye ardhi ya juu, na baba alifika maji yalipopungua akaonyeshwa kaburi. Ghala lilibaki na tope mpaka dirishani. Mwalimu hakufundisha tena, si kwetu wala kwingine. Lakini kila mwaka, mvua zikishapita, alikuja mpaka mlangoni petu na chupa ya samli, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, wakaulizana hali za ng'ombe na mihogo, akaenda zake. Mama hakuitia kwenye chakula. Alinikandia miguu. Na kusuka aliendelea kunisuka, nami nikavumilia kitana mpaka mwisho, kimya, mwaka baada ya mwaka.

Mgeni wa juzi ni binti yake. Alisema baba amezeeka, safari hawezi, lakini aliposikia kwamba mama ameshatangulia na mimi nina mtoto wa kiume, akaagiza chupa iletwe kwangu.

Mwanangu haya yote hayajui. Nilipomaliza kumkanda alisimama akauzungusha mkono, akasema bega limepata nafuu, kisha akanitaka nimsaidie kurudia somo la leo. "Ni rahisi, Mama. Wewe nishike kwa nyuma, hapa shingoni. Ukibana, mimi nitakuonyesha." Nikasimama nyuma yake katikati ya jikoni, nikampitishia mkono kama nilivyofundishwa kwenye magunia ya makapi. Harufu ya moshi ilikuwa bado mabegani mwake. Akaunyanyua mkono wake ili aniguse, na mikono yangu ikaruka juu.

Akageuka akanitazama, amekasirika kidogo.

"Mama, hata sijagonga."